Binti wa Kibirizi naomba ushauri: nisomee umeme au mashine za boti?

Wa_Kibirizi
Shikamooni wakubwa. Nina miaka 19, niko Kigoma. Kidato cha nne nilipata divisheni 4 ya pointi 28, nikarudia, ikawa vilevile. Sirudii tena. Baba ni mvuvi, na Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi Mei hadi Agosti 2024 tulikula kwa mawese ya bibi. Nataka ujuzi wa mikono. Napenda mashine za boti, tangu mdogo ndiye ninayemshikia baba spana. Mama anataka nisomee umeme wa majumbani, anasema boti ni kazi ya wanaume. Hela ya kujaribu mara mbili hatuna.

Fundi_Nyaya
Mdogo wangu, mimi ni fundi umeme hapa Tabora, Ng'ambo. Nilijifunzia mtaani. Kufunga nyumba najua, ila wakati ule mteja akitaka kuunganishiwa umeme, TANESCO walitaka fomu iliyogongwa muhuri na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji. Sikuwa nayo. Kuna nyumba nilichimba kuta siku nne, vumbi hadi kooni. Mwenye muhuri akaja na pikipiki, hakuizima, akagonga fomu juu ya tangi, akaondoka na robo ya hela yangu. Niliumia sana. Mwezi uliofuata nilikwenda VETA, chuo cha ufundi stadi, kurasimisha ujuzi wangu, wakanipima nikapata cheti, ndipo nikaanza safari ya leseni. Ukichagua umeme, usianzie mtaani kama mimi.

Mwana_Ujiji
Msikilize mama. Utashinda unanuka petroli, nani atakuoa?

Mama_Grenda
Mwana_Ujiji, binti kaomba ushauri wa kazi, hajaomba mchumba. Nachomelea mageti Kasulu mwaka wa saba sasa, na watoto wangu wawili wanasoma kwa hela hiyo. Binti, wateja watakuuliza fundi yuko wapi na grenda umeishika wewe. Inauma, lakini geti likishasimama wanarudi wenyewe. Ada isikutishe: kozi ndefu VETA ni shilingi 60,000 kwa mwaka ukiwa wa kutwa, 120,000 bweni. Jipange zaidi kwa vifaa, sare na nauli.

Mzee_wa_Katonga
Mwanangu, nina miaka 20 kwenye mashine za boti. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, boti zote zinalala ufukweni, na hizo ndizo siku ambazo simu yangu haipumui. Ila ziwa likifungwa, na mimi nimefungwa. Kwa hiyo usijifunge kwenye boti peke yake. Soma ufundi magari: ukiijua injini, pikipiki, jenereta na mashine ya kusaga vitakulisha ziwa likiwa limelala. Likizo njoo kwangu. Ila kabla ya kulipa chochote, mwombe baba mashine yake. Fungua kabureta, ioshe, irudishe, iwake bila yeye kusema neno. Ikikushinda na bado ukatamani kurudia kesho, kazi ni yako.

Wa_Kibirizi
Asanteni sana. Nimeifungua jana jioni. Nilitandika kanga kuukuu, nikapanga skrubu kwa mstari jinsi zilivyotoka. Mara ya kwanza kimya. Ya pili ikakohoa. Kumbe pampu ndogo ya mafuta niliirudisha kichwa chini. Ya tatu ikawaka, na mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakusema kitu, ila leo asubuhi kaniuliza VETA Kigoma fomu zinatoka lini. Jumatatu tunakwenda wote kuulizia. Mzee wa Katonga, likizo nije na spana zangu au utaniazima?

Mzee_wa_Katonga
Njoo na namba 10 na 12. Hizo huwa haziazimwi.