Nimemfuata Haohmaru kwao, sasa nachinjwa kila siku. Naomba ushauri

Kisu Butu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nina tatizo, na naomba msinicheke sana. Mimi ni mtu wa Soulcalibur, ile gemu ya video ya kupigana kwa silaha, tangu ile ya pili, ya 2003, enzi ambazo mwenye GameCube alipewa Link na mwenye PS2 akapewa Heihachi, wahusika wageni kutoka gemu nyingine. Ya tano niliiruka, maana walifukuza nusu ya watu niliowajua. Ya sita ilipotoka Oktoba 2018 nikahamia humo mazima na mhusika wangu Mitsurugi.

Basi Machi 2020 wakamleta Haohmaru kama mhusika mgeni wa kununua. Nikamjaribu usiku mmoja tu, nikampenda. Nywele zimesimama kama moto wa nyika, kibuyu cha pombe kiunoni, na upanga wake unaitwa Fugudoku, yaani sumu ya bunju. Nikajiuliza, huyu bwana kwao wapi? Ndipo nikachukua Samurai Shodown, hii mpya ya 2019.

Jamani. Soulcalibur mimi si bingwa, ila si wa kuonewa. Huku sipigwi, nachinjwa. Jana nimecheza mechi 14 mtandaoni, nimeshinda 1, na hiyo moja mwenzangu mtandao ulimkatika.

Nafanya kila ninachokijua. Namsogelea mtu, namfungulia mapigo matatu ya haraka, la kwanza likigonga ngao mimi bado naendelea, halafu yeye ananirudishia pigo moja tu na maisha yangu yanapungua kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Pigo moja! Mimi nimempiga mara sita, yeye mara tatu, raundi imekwisha na aliyelala ni mimi. Kombo, yale mapigo yanayoungana mfululizo, ziko wapi humu? Na kuna kitu kingine cha ajabu, mhusika wangu anarusha mateke yenyewe wakati mimi nataka kukinga. Nimeshafikiria pedi imeharibika.

Nibadilishe mhusika au nirudi nilikotoka?

Jini Mkata Kamba

Pedi yako nzima mkuu. Vidole ndio bado viko Soulcalibur. 😂

Mzee wa Arcade

Kijana, marahaba. Huyo hapo juu amekucheka ila kasema kweli tupu, na tuanzie hapo kwenye mateke.

Soulcalibur ina kitufe cha kukinga. Miaka yote hiyo kidole gumba chako kimefundishwa kwamba hatari ikija, bonyeza pale. Samurai Shodown haina kitufe hicho. Vitufe vinne vyote ni vya kushambulia: pigo jepesi, la kati, zito, na teke. Kukinga ni kuvuta nyuma, na pigo la chini unalikinga kwa kuvuta nyuma huku umechuchumaa. Kwa hiyo kila ukiogopa, unapiga teke. Mpinzani anaona teke linapita hewani, anakushushia pigo zito. Nusu ya vipigo vyako nadhani vinatoka hapo. Ingia chumba cha mazoezi, mwache mpinzani akushambulie, na usiguse kitufe chochote kwa dakika kumi. Nyuma tu. Utachoka, lakini fanya.

Sasa hilo la kombo. Umetoka kwenye gemu ambayo pigo la kwanza ni mlango wa mapigo mengine. Ukimrusha mtu juu unamchezea, ukimfikisha ukingoni unamtupa nje ya uwanja. Huku hakuna ukingo wa kumtupa mtu, wala huwezi kumzunguka kwa pembeni. Mko kwenye mstari mmoja, wewe na yeye. Kombo zipo ila fupi mno, na si chakula cha kila siku. Waliotengeneza gemu ya kwanza mwaka 1993 walitaka pambano la mapanga liwe la mapanga kweli, kwamba chuma kikikupata umepatikana. Hii ya 2019 imerudi kwenye wazo hilohilo baada ya kimya kirefu, maana iliyotangulia ilikuwa Samurai Shodown Sen ya 2008, na ile tuiache ilale.

Kwa hiyo unapompiga mtu mara sita kwa mapigo mepesi, umemkwaruza. Yeye alikuwa anasubiri mara tatu tu.

Pigo zito lina bei yake. Likikosa, au likikingwa kwa karibu, umebaki wazi muda wa kutosha mwenzako kuchagua akufanye nini. Na ukikatwa katikati ya pigo lako mwenyewe, linauma kuliko kawaida. Ndiyo maana wazoefu utawaona wanatembea mbele nyuma, mbele nyuma, hawafanyi kitu. Kutembea kule ndiyo kazi yenyewe, kila mmoja anamtega mwenzake arushe la bure.

Haohmaru usimwache. Pigo lake zito la kusimama linafika mbali, lile la kupaa na upanga linamshusha kila anayependa kuruka, na kile kimbunga anachorusha kinamlazimisha mtu aamue. Ila usikirushe mfululizo, mtu ataruka juu yake akushukie, na utajua hujui.

Dada Ngao

Mzee kaeleza vizuri, ila kasahau mita ya Hasira, na kwa mgeni hapo ndipo kwenye mtego.

Kisu Butu, ukipigwa mita inapanda. Ikijaa, mapigo yako yanakuwa makali zaidi, na unaweza kutoa lile shambulio la kumpokonya mtu silaha. Silaha inaruka, inaanguka huko, yeye anabaki mikono mitupu mpaka aiendee kuiokota. Usimkimbilie kwa furaha! Wengi wakishampokonya mtu wanarukaruka kama wameshinda, wanakula ngumi na mateke bure. Simama kati yake na upanga wake, mwache yeye ndiye awe na haraka.

Halafu kuna kuilipua Hasira, vitufe vitatu kwa pamoja. Mara moja tu kwa mechi nzima, na ukishailipua mita inaondoka hadi mwisho wa mechi. Nasema mechi, sio raundi. Mimi mwezi wa kwanza nilikuwa naifyatua raundi ya kwanza kwa hofu, kisha raundi mbili zinazofuata nacheza kama mjane. Na lile shambulio kuu la siri nalo ni mara moja kwa mechi. Ukilikosa ndio basi tena.

Umezoea Soulcalibur ambako mita ikijaa unatumia, unajaza, unatumia. Huku ni akiba ya mazishi.

Pweza Mkali

Naomba nipinge kidogo. Kila mtu akilalamika kuhusu hii gemu anaambiwa "kuwa mvumilivu". Mimi nimeicheza miezi mitatu, nikaona nusu ya mechi ni watu wawili wanatazamana. Gemu ya mapigano ambayo watu hawapigani? Soulcalibur ya sita ukitaka kusubiri unasubiri, ukitaka kulipuka unalipuka. Ile Reversal Edge, shambulio la kupokea pigo na kurudishia, watu wanaitukana, lakini angalau kuna kitu kinatokea kwenye kioo. Kisu Butu, kama moyo wako uko kule, rudi kule. Haohmaru yupo kule pia, si umeshamnunua?

Mzee wa Arcade

Pweza, mkitazamana hamjakaa bure. Tatizo ni kwamba wewe ulimchagua mhusika Tam Tam kwa sababu ya jambia lake kubwa, ukataka kulizungusha kutwa. Nakukumbuka.

Pweza Mkali

Nisingizie kingine mzee. Tam Tam nilimwacha wiki ya pili.

Dada Ngao

Uliangukia kwa nani?

Pweza Mkali

Earthquake.

Jini Mkata Kamba

Nimecheka hadi jirani kaamka. Jitu zima lenye tumbo, mundu na mnyororo mrefu kama kamba ya kisima, halafu unalalamika watu hawasogei karibu yako!

Kisu Butu

Nimerudi wakuu. Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili.

Nimefanya yale mazoezi ya Mzee ya kutogusa kitufe. Dakika kumi sikuziweza, dakika ya nne kidole kikabonyeza chenyewe. Lakini nimeona mnachosema. Jioni nimecheza mechi 9, nimeshinda 2, na safari hii mtandao haukumkatika mtu.

Kinachonisumbua sasa ni watu wanaokinga tu. Kimbunga wanakinga, pigo la kati wanakinga. Mimi nikikosa subira napiga zito, wanakinga, nachinjwa. Kule ningemshika nikamtupa. Huku nimemshika mtu akayumba tu, hakuanguka hata chini. Nikasema basi hili nalo halina maana.

Mzee wa Arcade

Halina maana?! Kijana, huo ndio ufunguo wa nyumba nzima na umeutupa uani.

Kushika humu ni kuvunja ngao. Ukimshika haanguki, anapepesuka kwa sababu amefunguka, na hapo ndipo unapomkata kwa pigo zito bila yeye kuweza kukinga. Jaribu leo. Mtembelee taratibu, akivuta nyuma kukinga mshike, kisha zito. Akishaliwa mara mbili ataanza kuogopa kukinga, atarusha kitu. Akirusha, wewe ndiye unayekinga na kumrudishia. Kuanzia hapo sasa mnazungumza.

Dada Ngao

Na ukitaka kujua kinachokuangusha bila kubahatisha, ingia sehemu ya Dojo humo kwenye gemu. Gemu inatazama unavyocheza na kutengeneza mzimu unaokuiga. Watu wanaudharau kwa sababu mara nyingine unafanya vituko, unachuchumaa na kusimama kama mtu aliyekaliwa na siafu. Lakini pambana na mzimu wako mwenyewe. Wangu ulikuwa ukifika katikati ya uwanja unaruka mbele. Kila mara. Nikaudungua, ukaruka tena, nikaudungua. Mara ya nne nikasimama, nikaona haya, maana aliyekuwa anaruka ni mimi. Nilikuwa najiona mtu wa mipango.

Pweza Mkali

Hili la mzimu sikuwahi kulijaribu. Wa kwangu utakuwa unazungusha mnyororo tu.

Jini Mkata Kamba

Wako utakuwa umelala.

Kisu Butu

Naleta mrejesho, na kwa Dada Ngao nasema asante japo umenivunjia heshima nyumbani, mdogo wangu alikuwa amekaa pembeni anatazama.

Mzimu wangu unafanya kitu kimoja. Unakaribia, unapiga mapigo mepesi matatu, unakingwa, unaendelea. Kama nilivyoandika pale juu, neno kwa neno. Nimeukinga, nikaukata. Umeamka, ukaja tena na yale yale matatu. Mdogo wangu akasema, "Kaka, mbona huyu hajifunzi?" Sikumjibu.

Nikafuta, nikacheza mechi zangu tano kwa mtindo wa kusubiri, nikatengeneza mwingine. Huyu mpya nikakutana naye leo asubuhi. Mzimu umesimama. Na mimi nimesimama. Nimesogea hatua, umesogea hatua. Nimerudi, umerudi. Hakuna aliyeinua upanga mpaka muda wa raundi ukaisha.

Mzee wa Arcade

Vizuri. Kesho mshike.