Hivi kweli Rais Jefferson wa Marekani alikuwa anatukanwa kwa barua na bado anazitunza?

Mzee wa Makabrasha
Wakuu habari za jioni. Nimekuwa nasoma soma historia ya Marekani, kuna kitu kimenikaa kichwani. Thomas Jefferson, rais wao wa 3, alikuwa madarakani 1801 mpaka 1809. Nasikia kipindi chote hicho raia walikuwa wanamwandikia yeye moja kwa moja, sio mabalozi na mawaziri tu, nazungumzia mabaharia, wajane, watu waliofungwa kwa madeni, huyu anaomba kazi, yule anaomba hela, mwingine anamporomoshea matusi ya nguoni kabisa. Sasa maswali: alikuwa anazisoma mwenyewe au kuna karani anachuja? Hao walalahoi hela ya posta walitoa wapi? Na mtu akitukanwa kwanini atunze? Wajuzi karibuni, na wale wa "sisi inatuhusu nini" nanyi karibuni ila kaeni viti vya nyuma.

Bahasha Kavu
Naanza na la posta maana wengi hawalijui. Enzi hizo stempu hakuna, Marekani wameanza kutumia stempu za serikali 1847. Kawaida anayelipa ni anayepokea barua, na bei inapigwa kwa umbali na idadi ya karatasi, kwa sheria yao ya 1799 karatasi moja ikisafiri zaidi ya maili 500 ni senti 25, kwa kibarua hiyo sio hela ya kuchezea. Ndio maana hata bahasha watu walikuwa hawatumii, bahasha nayo inahesabiwa karatasi, unakunja barua yenyewe, unabandika lakiri, unaandika anakokwenda kwa nje, imeisha hiyo.

Sasa rais alikuwa na msamaha, barua inayokwenda kwake na inayotoka kwake zote bure. Kwahiyo mkuu hata ukiwa huna kitu mfukoni, ukipata karatasi na wino umemfikia mkuu wa nchi. Na ukisoma hizo barua utaona wengine shule ilikuwa ndogo, anaandika neno kama anavyolisikia lakini ujumbe umefika na unauma.

Sanduku la Posta
Alikuwa anazisoma mwenyewe. Katibu alikuwepo, wa kwanza ni Meriwether Lewis, huyo huyo aliyekuja kutumwa pamoja na mwenzake William Clark kuvuka bara mpaka bahari ya Pasifiki, ila kazi ya kalamu Jefferson aliing'ang'ania mwenyewe. Alikuwa na daftari, toka 1783 mpaka anakufa 1826, kila barua inayoingia na kutoka inaandikwa humo, ya nani, ya tarehe ngapi, imefika lini. Za waomba kazi anaziwekea alama yake. Isiyo na jina anaandika kwamba haina jina, nayo inaingia kwenye faili kama zingine.

Na kuanzia 1804 alikuwa na mashine inaitwa poligrafu, kalamu mbili zimeunganishwa kwa vyuma, ukiandika na hii ile nyingine inafuata mkono wako na kuandika hayo hayo kwenye karatasi ya pembeni, kwahiyo akituma barua nakala inabaki mezani. Sasa mtu wa namna hiyo utegemee achane barua eti kwa vile katukanwa? Wengi wanampa sifa ya uvumilivu, mimi naona yule jamaa hakuweza kutupa karatasi tu.

Kuhusu majibu, waomba kazi wengi hawakujibiwa. Utaratibu wake ulikuwa ukiona umeteuliwa ndio jibu, usipoteuliwa nalo ni jibu. Vijana wetu wanaosambaza CV toka mwaka juzi watamwelewa vizuri.

Nanga Imepaa
Matusi yalipamba moto 1808 na sababu ipo. Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani, zote zinakamata meli za Wamarekani, tena Waingereza wanawabeba mpaka mabaharia kwa nguvu wakawatumikie. Jefferson hakutaka vita, Desemba 1807 ikapitishwa sheria ya kuzuia meli zote za Marekani kwenda kufanya biashara nje. Alidhani atawakomoa Waingereza, walioumia ni watu wake, hasa kule Boston na bandari za kaskazini, meli zimefungwa gatini, mabaharia wanakaa vijiweni, wenye maghala wanafilisika.

Kuna mmoja aliandika kutoka Boston Septemba 1808, jina hakuweka, anamwambia rais amekubaliana na rafiki zake wanne atawalipa dola 400 wampige risasi kama zuio halijaondolewa kufikia tarehe 10 Oktoba, na hiyo hela ataitafuta hata kwa kufanya kazi huku anatambaa kwa mikono na magoti. Halafu humo humo anasema anakufa njaa! Mwingine kamwambia tu yeye ndiye mpumbavu kuliko wote Mungu aliowapa uhai, hana hoja nyingine. Tarehe 10 ilipita bila kitu, zuio lilikuja kufutwa Machi 1809, siku chache kabla hajamkabidhi Madison urais.

Bi Kalamu
Mnasifia barua bure na kila mtu anamfikia rais, sawa, lakini angalieni nani hakufika. Januari 1807 Jefferson alimwandikia waziri wake wa fedha Gallatin kwamba kumpa mwanamke cheo ni jambo ambalo umma haujawa tayari nalo, na yeye pia hayuko tayari. Na ipo barua ya tarehe 30 Novemba 1808, ndefu, aliyeiandika kajitambulisha kwa neno moja tu, Mtumwa. Huyu Jefferson katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600, wengine walimhudumia humo humo ikulu. Barua ikaorodheshwa, ikahifadhiwa vizuri sana, na watumwa wakabaki watumwa.

Sanduku la Posta
Bi Kalamu hapo umepiga penyewe. Na kuna ya jibini inaingia hapo hapo. Tarehe 1 Januari 1802 wakulima wa Cheshire, Massachusetts, walimletea jibini la ratili 1,235, karibu kilo 560, liko na mchungaji wao John Leland, pamoja na barua ya kusema limetengenezwa na wakulima huru na wake zao na mabinti zao bila msaada wa mtumwa hata mmoja. Wanamwambia hivyo mwenye Monticello, shamba lake lililolimwa na watumwa! Akapokea kwa heshima zote, ila akalipa dola 200 maana alikuwa na msimamo wa kutochukua zawadi.

Mwana wa Forodhani
Wale wa viti vya nyuma tumefika. Kwenye zawadi na sisi tumo. Aprili 30, 1840 meli Sultana ya Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, ilitia nanga New York, ndani ina pembe za ndovu, karafuu, tende na kahawa, na mjumbe Ahmad bin Naaman ana barua ya Seyyid kwa Rais Martin Van Buren pamoja na farasi wawili wa Kiarabu, lulu, zulia, upanga na mafuta ya waridi. Van Buren akabanwa, katiba yao inakataza kiongozi kupokea zawadi ya mfalme bila Bunge kuridhia. Bunge likabishana weee mwisho likaamua zipokelewe kwa jina la taifa, farasi wakapigwa mnada hela ikaenda hazina. Walichofanya cha maana ni kuitengeneza Sultana kwenye gati la jeshi la wanamaji bila malipo, na Agosti ikageuza nyumbani na zawadi za kumjibu Seyyid.

Mzee wa Makabrasha
Aisee hii ya Sultana sikuwa naijua kabisa. Hizo za Jefferson zinapatikana wapi, au mpaka uende huko huko?

Sanduku la Posta
Hapana mkuu, zipo mtandaoni bure kabisa, ingia Founders Online ya nyaraka za taifa lao. Chagua 1808 anza na Agosti, na sehemu ya mwandishi tafuta zisizo na jina. Andaa na kamusi maana jinsi walivyokuwa wanaandika utahangaika.