Naomba ushauri: kipanya cha Bluetooth au cha kipokezi cha USB?

Habari zenu wakuu. Natafuta kipanya kisicho na waya kwa ajili ya kompyuta mpakato ya Windows 11 yenye matundu mawili tu ya USB, yote 3.0. Moja hukaliwa na diski ya nje karibu muda wote.

Nilicho nacho sasa kinatumia kipokezi cha GHz 2.4. Diski ikianza kunakili mafaili, mshale unakwama na kurukaruka. Nijuavyo, USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye masafa hayohayo, na kipokezi kiko sentimita chache tu kutoka kwenye waya wa diski. Betri mpya haikusaidia. Waya wa kurefusha USB, wa nusu mita, uliosogeza kipokezi karibu na kipanya, ulimaliza tatizo, ila kubeba waya ili utumie kipanya kisicho na waya ni kichekesho.

Logitech M185 nimeiweka kando kwa kuwa inategemea kipokezi pekee. Ninayoifikiria ni Pebble M350, yenye njia zote mbili na betri moja ya AA. Meza ni ya mbao, si kioo, kwa hiyo sensa yoyote ya kawaida inatosha.

Bluetooth nayo iko GHz 2.4. Kwa anayeitumia huku diski ya USB 3.0 ikinakili, je, mshale unatulia? Na kompyuta ikiamka usingizini, kipanya hujiunga chenyewe au hadi ukiunganishe upya?