Nyumba ya urithi Ilomba: tuuze, tujenge fremu au tuiache ilivyo?

Mkazi wa Ilomba

Habari zenu. Naomba mawazo ya wanaoifahamu Mbeya, hasa walioiona kabla Mwanjelwa haijawa kitovu cha biashara.

Marehemu baba yetu alijenga Ilomba mwishoni mwa miaka ya 1970, akiwa mfanyakazi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na sote tulikulia hapo. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, ina uwanja mpana wa nyuma wenye miparachichi, na inatenganishwa na barabara kuu ya Zambia na safu moja tu ya viwanja. Wakati ule katikati ya nyumba kulilimwa mahindi na maharage, na aliyehitaji benki, posta au duka la nguo alipanda kwenda Uhindini au Sokomatola. Siku hizi watu wa huko juu ndio wanaoshuka Kabwe na Mwanjelwa kutafuta bidhaa.

Majirani wengi wa safu ya mbele wameuza, na palipokuwa na vibaraza vyao pamejengwa fremu za maduka ya vipuri, vioo na mbao. Wadogo zangu wanaoishi Dar es Salaam wanataka tuuze tugawane. Mimi ndiye ninayeishi hapo, na sioni ni wapi nitapata tena mtaa ambao ninawafahamu watu wake wote. Zaidi ya hayo, tangu ujenzi wa njia nne kwenye barabara kuu uanze kuna hofu ya bomoabomoa. Je, mkazi wa zamani anaweza kubaki katika mtaa wa namna hii bila kusukumwa na thamani ya ardhi yake mwenyewe?

Mpima Ardhi Mstaafu

Ndugu yangu, pole kwa msiba wa mzazi. Nitaanza na barabara, maana hapo ndipo maneno ya mtaani yanapowapotosha wengi.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo la pembeni lisiloruhusiwa kujengwa, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, zikipimwa kuanzia katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya zile mita 22.5 huwekewa alama ya X nyekundu na hubomoa bila fidia, ilhali aliyekuwa nje yake kihalali akajikuta ndani ya nyongeza ya mita 7.5 huwekewa X ya kijani, naye ana haki ya kulipwa. Fidia hiyo haiishii kwenye thamani ya jengo; ina pia posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi. Kwa jinsi ulivyoeleza, ninyi mko nyuma ya safu ya kwanza, kwa hiyo huenda hamguswi kabisa. Hata hivyo usikadirie kwa macho, bali umwombe mpima aje na kifaa chake.

Tuje kwenye swali lenyewe. Mbeya ilipangwa na wakoloni chini ya mlima Loleza, kila kundi likitengewa sehemu yake: Uzunguni, Uhindini, Majengo. Barabara ya Zambia ilipoboreshwa na reli ikakamilika mwaka 1975, zote zilipita chini ya mji huo wa zamani, na biashara ikazifuata, wakati mipango ilikuwa bado inaangalia juu. Ndiyo maana jiji letu ni refu na jembamba, kuanzia Uyole hadi Iyunga na kuendelea kuelekea Mbalizi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 jijini, na ya 2022 ikahesabu 541,603, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo inaishi kwa kutegemea barabara hiyo hiyo moja. Thamani ya kiwanja chenu imetokana na hali hiyo, wala haitashuka kwa sababu mmeamua kutouza.

Mkitaka kujenga ghorofa, ombeni kibali jijini na mpimwe udongo kwanza, kwani tuko kwenye bonde la ufa na udongo wa majivu ya volkano hauaminiki kwa mazoea. (Nimewahi kuona msingi wa ghorofa ukichimbwa kwa ushauri wa fundi wa uzio.)

Mama wa Isyesye

Kaka, mimi niliuza Mwanjelwa nikahamia Isyesye, na nyumba niliyojenga ni nzuri kuliko ile ya awali. Ambacho sikukiingiza kwenye hesabu ni nauli ya bajaji ya kila siku, maji yaliyochelewa kufika, na wateja wangu wa ushonaji, ambao hawakunifuata. Fedha ya mauzo ilitosha nyumba, haikutosha mtaji wa kuanza upya mahali nisipojulikana. Ukiuza, tenga mtaji huo kabla ya kununua hata tofali moja.

Mwenyeji wa Kihesa

Niruhusuni nipingane kidogo na Mzee Mpima. Hapa Iringa barabara kuu inapita bondeni Ipogolo na mji uko juu, kwa hiyo hatukuvutwa na malori kama ninyi; lakini Kihesa kumebadilika vilevile, na aliyekubadilisha ni mwanafunzi wa chuo anayetafuta chumba. Wazee wengi walibaki kwa kujenga vyumba vya kupangisha uani, wao wakiendelea kuishi nyumba kubwa. Kwa nini ninyi msifanye hivyo? Kodi igawanywe kwa ndugu wote kila baada ya miezi sita, na kiwanja kibaki cha ukoo.

Mkazi wa Ilomba

Nashukuruni sana. Wazo la vyumba vya uani linanivutia kuliko fremu, ingawa miparachichi miwili itakatwa. Wadogo zangu, hata hivyo, wameshapata mnunuzi, na wananitaka nisaini makubaliano mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Mpima Ardhi Mstaafu

Usisaini. Kama hati bado ina jina la marehemu, hakuna mrithi mwenye mamlaka ya kuuza, hata mkikubaliana wote, mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Kaeni kikao cha ukoo, mpendekeze jina, muandike muhtasari, kisha mfungue shauri Mahakama ya Mwanzo mkiwa na cheti cha kifo. Mnunuzi aliye makini atawasubiri. Asiyetaka kusubiri mwulizeni ana haraka ya nini, na nakala ya hati msimpe.