Tupeane uzoefu: ulishawahi kumwachia mwenzako zamu iliyokuwa yako kabisa?

Mleta mada:
Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Alhamisi kwenye jumuiya tulisoma Wafilipi sura ya 2, pale Paulo anaposema kila mtu asiangalie mambo yake mwenyewe, bali aangalie ya wengine. Bibi mmoja akauliza: nani hapa amewahi kuachia kitu kilichokuwa haki yake, siyo cha ziada? Tukabaki kutazamana. Nguo zilizokubana kila mtu anatoa. Yeye hakuwa anaulizia hizo.

Naanza mimi. Tuko 12 kwenye mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, kila mmoja 50,000 kila mwezi. Zamu yangu ilikuwa Machi, nimeipangia bati kabla masika hayajakolea. Jirani yangu, namba 12, mumewe akavunjika mguu, na yeye ndiye aliyekuwa analisha nyumba kwa bodaboda. Tukabadilishana. Masika yakanyesha, mabeseni mawili sebuleni, na kila tone likidondoka namkumbuka yule jirani, wala si kwa wema. Desemba nilipopokea 600,000 yangu bati zilikuwa zimepanda bei. Nikaezeka chumba, sebule ikasubiri. Swali langu: ukitoa huku moyo unanung'unika, hapo umetoa?

Kitinda mimba wa Marangu:
Milele amina. Kwetu Uchagani nyumba ya baba na kihamba chake, yaani shamba la migomba la ukoo, hubaki kwa kitinda mimba, ndiye mimi. Kaka yangu akarudi kutoka mjini biashara imemfia, ana watoto wanne. Wazee wa ukoo walikuwa upande wangu. Nikamkumbuka Abramu, Mwanzo 13. Yeye ndiye mkubwa na ndiye mwenye ahadi, lakini akamwambia Lutu achague kwanza: ukienda kushoto, mimi nitakwenda kulia. Lutu akainua macho, akachukua bonde la Yordani lenye maji. Kaka naye akachukua upande wa mfongo, ule mfereji wa maji, wenye migomba iliyokomaa. Mimi nikabaki na mteremko wa mawe. Kahawa niliyopanda huko ndiyo kwanza mwaka huu naanza kuchuma.

Asante sijaisikia mpaka leo. Tunasalimiana, watoto wake wanakula kwangu. Kuhusu swali lako, mimi nilinung'unika miaka miwili.

Nesi wa zamu ya usiku:
Yangu ni fupi. Mkesha wa Krismasi nilimpisha mwenzangu aliyefiwa na mama yake mwezi mmoja nyuma, akawe na ndugu zake. Misa niliisikiliza kwenye simu, sikio moja, huku nikipima presha za wagonjwa.

Dada aliyechoka:
Naomba mnisikilize na mimi. Mafundisho haya nimeyabeba miaka 9 ndani ya ndoa. Mshahara wangu ulikuwa unaishia kwa ndugu wa mume. Nikilalamika, mzee wa kanisa ananifungulia Wafilipi hiyo hiyo: jishushe, mama. Mume wangu hakufunguliwa mstari wowote. Usiku mmoja nikaisoma sura mwenyewe, polepole, nikakuta imeandikwa "kila mtu". Kila mtu! Sijaiacha imani na sitaiacha. Lakini nyumba ambayo mtu mmoja ndiye wa kuachia siku zote, na wengine ni wa kupokea tu, hiyo siioni kwenye barua ya Paulo.

Mwinjilisti:
Dada, pole sana, na nakuomba radhi kwa niaba yetu tunaofundisha. Umesoma sawasawa. Niongeze jambo moja. Paulo huyo huyo, na ni Filipi huko huko, alipigwa viboko hadharani akatiwa gerezani bila kuhukumiwa. Kulipokucha mahakimu wakatuma watu wamfungulie aende zake. Akakataa. Sisi ni raia wa Rumi, akasema, waje wao wenyewe watutoe (Matendo 16:37). Alidai haki yake waziwazi, na wakaja. Mimi naamini alikuwa anawafikiria kina Lidia, waumini wachanga aliokuwa anawaacha katika mji ule. Hakimu aliyekwisha kuja kuwasihi wageni angefikiri mara mbili kabla ya kuwagusa wenyeji. Kwa hiyo ukikataa kunyonywa mbele ya binti zako, huenda ni wao unaowapigania.

Niko Kigali:
Mmenikumbusha wanafunzi wa sekondari ya Nyange. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 watu wenye silaha waliwaingilia darasani, wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wakakataa, wakasema sote ni Wanyarwanda. Walikuwemo ambao wangesogea hatua chache tu wakapona. Hawakusogea, na baadhi yao wakauawa. Leo wanahesabiwa mashujaa wa taifa. Ni rika la wanangu. Kila nikiwasimulia habari hii nashindwa kuifikisha mwisho.

Mleta mada:
Dada, maneno yako nimeyasoma mara tatu. Alhamisi nitaomba tuirudie sura yote, tuanzie kwenye hilo "kila mtu", na wanaume wawepo.

Na niwaambie jambo ambalo sijamwambia mtu hapa mtaani. Mchezo umeanza upya mwezi huu. Nimeangukia namba 4. Mama mwenye namba 9, mtoto wake kalazwa tangu Jumatatu. Sebule bado haijaezekwa. Niombeeni.