Kusajili uyoga pori wa eneo zima: nipime viwanja au nizunguke tu?

Mwanamsitu: Wakuu, naomba ushauri. Nataka kujua eneo letu lina spishi gani za uyoga pori na kila moja inaota wapi: msitu wa asili, miti ya kupandwa, majani. Nina msimu mmoja tu wa mvua. Naogopa kuandika "hapa haupo" kumbe nimepita siku isiyo yake.

Nyuzi: Una haki ya kuogopa, mkuu. Tunachookota ni tunda tu. Kiumbe chenyewe ni nyuzi zilizomo udongoni au ndani ya mti, na huweza kukaa miaka bila kuchomoza. Uswisi, kwenye msitu wa La Chanéaz, watafiti walirudia viwanja vilevile kati ya 1975 na 1999 wakapata spishi zaidi ya 400, na chache mno ndizo zilizoonekana kila mwaka. Kwa hiyo andika "haujaonekana", basi.

Pima viwanja vya ukubwa sawa, idadi sawa kwa kila mazingira, uvipitie kila wiki. Hivyo ndivyo vya kulinganishia. Kuzunguka nako kunafaa, maana spishi adimu hazikai ndani ya kamba zako, ila liwe na daftari lake peke yake.

Kigogo: Naongezea: usiandike "msituni" ukaishia hapo. Andika mti ulio karibu, kwa sababu spishi nyingi zimefungamana na mizizi ya miti fulani. Termitomyces, yaani uyoga wa vichuguuni, nayo hufuata mchwa, kwa hiyo weka vichuguu kwenye ramani.

Tafadhali chimbua, usikate! Uyoga wa jenasi ya Amanita una kikombe kwenye kitako cha shina kinachojificha chini ya udongo na bila hicho utakosea jina. Piga picha ya chini ya kofia, laza kofia kwenye karatasi upate rangi ya spora (vumbi la uzazi linalodondoka), kisha kausha kwa joto la nyuzi 40 hivi za Selsiasi na uhifadhi kwa namba.

Mwanamsitu: Asanteni sana. Na nisioutambua?

Kigogo: Ukijua jenasi tu, mfano Russula, uite Russula sp. 3, yaani spishi ya tatu usiyoitambua; usilazimishe jina. Sampuli ipo, mtaalamu atauangalia, hata DNA itapimwa.

Nyuzi: Halafu chora mstari wa jumla ya spishi ulizokwisha kupata hadi kila mzunguko. Mstari huo ukiwa bado unapanda juu msimu ukiisha, sema hivyo kwenye ripoti na uombe msimu wa pili.