Barua ya HA (housing association, wenye nyumba zetu za kupanga): eti bustani "haitunzwi", na huu ni Januari!

Mama Neema, Leicester
Wadau, poleni na baridi. Nimepata barua ya HA: bustani ya mbele "haitunzwi", nikate kila kilichokauka ndani ya siku 14, la sivyo wataleta watu wao na bili ije kwangu. Kilichokauka chenyewe ni maua ya sedum na manyasi marefu ya Miscanthus, nimeyaacha makusudi! Asubuhi sakitu ikishika vichwa vya sedum, mtaa mzima hauna kingine cha kutazama. Nyuma yake kuna kichaka cha Cornus, vijiti vyekundu kama pilipili. Swali ni moja: nikifungua malalamiko rasmi ya hatua ya kwanza (Stage 1), zile siku 14 zinasimama au zinaendelea kuhesabika?

Baba Asha, Reading
Pole dada. Mimi walipiga picha uani kwangu nikiwa ndani nimelala, nimetoka shifti ya usiku. Sikukata kitu. Piga picha, ambatanisha ushauri wa RHS (chama cha bustani cha Uingereza), wao wenyewe wanasema vichwa vya mbegu viachwe baridi yote, ndege wale, wadudu wajifiche kwenye mabua. HA wana siku 10 kujibu, wakikuzungusha nenda kwa Ombudsman, mwamuzi wa malalamiko ya nyumba.

Da Mwana, Glasgow
Siku 10 za KAZI, kaka, tena zinaanza wakishakiri kupokea, na kukiri kwenyewe wana siku 5. Na huyo Ombudsman ni wa England. Huku kwetu ni SPSO, ombudsman wa Scotland. Kila mwaka tunarudia haya haya.

Baba Asha, Reading
Leicester imehamia Scotland lini?

Mzee wa Pangani, London
Wanangu, mtanichukia, lakini HA wana hoja. Kwetu mama alikuwa ameshafagia uwanja kwa mfagio wa chelewa kabla jua halijatoka. Penye mabua makavu pamehamwa, na nyoka yumo. Mpita njia atajuaje kama umeacha kwa makusudi? Binti, mabua yabaki, ila ukingo wa nyasi ukatwe unyooke, njia ifagiwe, na pale mlangoni pawe na kichaka cha kijani kilichopunguzwa vizuri. Wakaguzi wanaangalia ukingo, katikati hawafiki.

Da Mwana, Glasgow
Shikamoo mzee. Hapo umenena. Kichaka cha mlangoni kiwe Sarcococca: kijani mwaka mzima, na vijiua vyake vidogo vinatoa harufu Januari hii hii. Jioni moja nimerudi na mizigo ya sokoni, ikanipiga harufu, nikasimama tu. Kikuba cha maua cha bibi, Ijumaa, Mombasa. Jirani akaniuliza kama naumwa. Na Cornus usiwaache watu wa HA waifyeke sasa! Rangi iko kwenye vijiti vichanga, vya zamani vinafifia. Kata Machi, karibu na ardhi, vichipue vipya.

Kaka Kilifi, Birmingham
Nendeni Anglesey Abbey kule karibu na Cambridge mwone bustani ya baridi. Kuna kijisitu cha miti ya birch, magome meupe pe, na wanayaosha! Kweli, watu na maji, wanasugua mti. Sisi kijijini bomba linatoa hewa tangu kampeni iliyopita.

Mzee wa Pangani, London
Nyinyi Wakenya mna nafuu, Katiba ya 2010 iliwapa uraia pacha. Mbongo akichukua pasi ya huku, shamba la babake linakuwa kitendawili. Ndiyo maana watu tunabaki kupamba viwanja vya kupanga.

Baba Asha, Reading
Mzee, na ile hadhi maalum ya Watanzania wa diaspora?

Mzee wa Pangani, London
Hadhi maalum si uraia, kijana. Soma vizuri.

Mratibu
Siasa pelekeni kwenye kundi lake, tafadhali. Hapa ni makazi na vibali.

Mama Neema, Leicester
Asanteni nyote. Ukingo nitaukata Jumamosi. Lakini zile siku 14 jamani?

Kaka Kilifi, Birmingham
Dada, ukifika kukata Cornus usitupe vijiti. Urefu wa penseli, chomeka kwenye udongo, vinashika vyenyewe. Nahitaji kama kumi. Nani anatoka Leicester kuja Birmingham mwezi wa tatu?

Baba Asha, Reading
Na mimi niwekewe.